Basi la Itundilo Linalofika Tupu

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta kwenye kochi, sijavua soksi za kazini, khanga nimejitupia begani kwa ajili ya baridi, na taarifa ya mkutano iko mapajani. Sikuialika. Nilikuwa nimechoka ule uchovu wa kusoma sentensi moja mara nyingi bila kuielewa, na sentensi yenyewe nilikuwa nimeiandika mimi: "Njia ya Itundilo ifungwe."

Nieleze kwanza, maana ndoto haikueleza kitu. Naitwa Lusungu Mgaya, afisa njia wa ushirika wa mabasi huku kwetu nyanda za juu, ambako ukungu huondoka unapotaka wenyewe. Dizeli ni ghali, tairi ni ghali, na springi zinavunjika kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ruzuku tuliyoahidiwa kwa ajili ya njia za vijijini, kila mwaka tunaambiwa iko njiani. Vijana wanapanda bodaboda. Maji yamezidi unga, na wanachama wanataka njia moja ikatwe ili nyingine zipone.

Tukahesabu abiria kwenye geti la stendi. Mabasi mengine yaliingia na watu, hata kama ni wachache. La Itundilo liliingia tupu, siku baada ya siku, dereva peke yake na usukani wake. Basi tupu halina mtetezi. Kilichobaki ni mimi kusimama asubuhi mbele ya wajumbe, niisome sentensi yangu, wainue mikono, twende tukanywe chai.

Basi nikaota niko ofisini, na ofisi inatembea.

Sishangai. Dirishani inapita misindano, ile miti ya mbao, linapita shamba la viazi, anapita ng'ombe mmoja anayenitazama kama ananidai salamu. Mbele, mahali ambapo siku zote pana kabati la mafaili, amekaa Nyagawa, dereva wa Itundilo, mtu mzima wa maneno machache. Ameshika usukani.

"Afisa, umekata tiketi?" ananiuliza bila kugeuka.

"Hii ni ofisi yangu, mzee."

"Hata ofisi inakula mafuta."

Juu ya paa vinasikika vishindo. Natoa kichwa dirishani nione. Kwenye keria, katikati ya magunia, amekaa Dizeli. Ni mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, miguu ameininginiza, na uso wake ni wa mtu aliyelia mpaka akachoka.

"Shuka," namwambia. "Unatuumiza."

"Sikupanda mimi. Nimepandishwa."

"Na nani?"

"Kila ninayemuuliza ananyoosha kidole kwa mwenzake."

"Sasa utashuka lini?"

Dizeli ananitazama kwa huruma. "Dada Lusungu, wewe umewahi kuniona nimeshuka?"

"Mwaka juzi ulishuka kidogo."

"Nilikuwa nimeshuka kujinyoosha," anasema. "Nikapanda tena."

Tukifika mlimani anagonga paa kwa kisigino. Nyagawa ananyoosha mkono, anang'oa saa ya ukutani na kumpitishia dirishani. Dizeli anaila. Mlima wa pili anakula kalenda. Mlima wa tatu Nyagawa anaomba radhi, anachukua kiti nilichokalia, na mimi nasimama nimeshika bomba. Namuuliza hii ni nini sasa. Anasema hizo ndizo gharama za uendeshaji, nilikuwa nazisoma tu, leo nimebahatika kuziona zikitafuna.

Mbele kidogo ofisi inasimama yenyewe. Kando ya barabara, kwenye jiwe, amekaa mama mnene mwenye masanduku mapya yanayong'aa. Amekaa pale siku nyingi, maana majani yameota mpaka yamefunika viatu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Ruzuku."

Namshika mikono yote miwili kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kumuona kwa macho. "Mama, tumekungoja mpaka tumeota mvi! Kila mwaka tunaambiwa uko njiani."

"Na hapa ni wapi?"

Natazama kushoto, natazama kulia. Ni njiani.

"Panda twende basi," nambembeleza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nisingekataa, mwanangu. Ila niliagizwa niwe njiani. Kufika sijaagizwa. Nikifika bila kuagizwa, nitaulizwa nimefikaje."

Akanionea huruma, akafungua sanduku moja ili nisiondoke mikono mitupu. Ndani mlikuwa na pole. Pole tupu, zimekunjwa vizuri, zimepangwa kwa ukubwa. Akanipa moja ya saizi ya kati. Nilimshukuru, kwa sababu nimelelewa, lakini ukweli ni kwamba nilitamani kukaa pale pale barabarani nilie. Tukamwacha na majani yake.

Bila kupita popote tukawa Itundilo.

Sijawahi kufika Itundilo nikiwa macho. Naijua kama mstari kwenye ramani, mstari wa mwisho, unaoishia mahali karani alipochoka kuchora. Ndotoni ni kijiji cha ukungu na moshi wa asubuhi, na watu wenye masweta wamesimama kwenye tope kimya. Ofisi sasa ni basi kabisa, ila taarifa yangu bado iko mkononi.

Kwenye mlango wa basi kuna foleni. Kumbe ni viti. Katika taarifa nilikuwa nimeandika kwamba kila kiti kijilipie, na viti vimesikia. Cha dirishani kinatoa msumari mmoja. Cha nyuma kabisa hakina kitu, kinajichanja na kutoa sponji. Kila kimoja kinalipa kwa alichonacho, kinaingia kikichechemea, kinakaa mahali pake. Nilitaka kuviambia kwamba sikumaanisha hivyo, lakini ukiulizwa ulimaanisha vipi, utasema nini?

Kiti kimoja tu hakijajisumbua. Kiko nyuma ya dereva, kimetulia.

"Na wewe?" nakiuliza.

"Mimi ni kiti cha mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Huwa anakuja."

"Na siku asipokuja?"

"Nakaa wazi."

"Huo ni ubadhirifu."

"Ndiyo," kikasema, bila hata chembe ya haya.

Nyagawa akanieleza, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba. Katika njia hii, kiti cha nyuma ya dereva hakikaliwi. Anayekwenda hospitali ndiye mwenyewe. Watu watasimama kutoka Itundilo mpaka mjini, wabebane, wakanyagane vidole, wala hakuna atakayekigusa. "Hata mwenyekiti wa kijiji alisimama," akasema, "na tumbo lake lile."

Kisha watu wakaanza kupanda, na mimi nikaanza kuchanganyikiwa, kwa sababu hawaishi. Wenye viazi, wenye maparachichi, kina mama na watoto mgongoni, fundi na msumeno wake, mzee anayekwenda kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Viti vinajaa. Njia ya katikati inajaa. Natazama nyuma sioni kioo.

"Hawa wanatoka wapi, mzee Nyagawa?"

"Itundilo."

"Na huwa wanakwenda wapi?"

"Mjini."

"Mbona hawafiki?"

"Wanafika," akasema, akawasha gari.

Hatujaondoka, ukungu ukafunguka, wakatokea wanaume wanne wamebeba machela ya mianzi. Juu yake amelazwa bibi mdogo wa umbo, amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Basi zima likamsalimu "Kamwene, bibi," naye akaitikia "Kamwene" kwa sauti ya mtu anayebana matumizi ya pumzi. Jina lake Bibi Oresta. Wakamkalisha kwenye kiti chake, na kiti, niliona kwa macho yangu, kikajilegeza kumpokea.

Kwa kuwa kiti changu kilishaliwa, nilikuwa nimesimama karibu yake. Barabara ilipoanza kurusha nikachuchumaa nimshikilie. Akalaza kichwa begani kwangu. Kilikuwa chepesi mno, nikaogopa kupumua.

Lakini pamoja na hofu hiyo, sitaficha, nilikuwa na furaha. Furaha ya afisa. Basi limejaa! Tutaingia stendi tumejaa hivi hivi, geti litahesabu mpaka lichoke, na mimi nitaifuta sentensi yangu kwa kiganja. Nikaitoa kalamu kabisa. Dizeli aligonga paa, Nyagawa akampa kalamu.

Tukashika lami. Tukaiona kona ya hospitali ya wilaya, na mbele yake, mteremko mfupi tu, mabati ya stendi yanameremeta. Nyagawa akasimamisha basi kwenye geti la hospitali. Wanaume wanne wakamwinua Bibi Oresta. Na basi zima likainuka.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza.

"Tunamsindikiza," akajibu mwenye viazi.

"Wote?"

"Wewe ungebaki?"

Nikasimama mlangoni, mikono nimeitandaza kama mtu anayezuia mbuzi. "Jamani, nisikilizeni. Stendi ni pale. Kuna geti linahesabu watu. Kaeni hapo mlipo, mpite chini yake, mhesabiwe, halafu mrudi kwa miguu mumsindikize bibi mpaka mchoke. Msipohesabiwa, kesho basi linafungwa. Asiyekuwepo na lake halipo!"

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika kiwiko, kwa upole, kama unavyomshika mgeni aliyekosea mlango. "Dada yangu, mgonjwa anaingizwa hospitali na watu wake. Akiingia peke yake atadhani ameshakufa."

"Wanne wanatosha!"

"Wanne ni wa kubeba."

"Basi nusu yenu wabaki. Nusu tu. Nawaomba."

Wakatazamana kuitafuta hiyo nusu. Haikupatikana.

Bibi Oresta akasema kutoka kwenye machela, "Wanangu, nendeni mkahesabiwe, mimi sina neno." Wakacheka wote. Mgonjwa haulizwi uji. Wakaanza kushuka, mmoja mmoja, na viazi vyao.

Nikaona nipeleke shauri juu zaidi. Nikaliita geti la stendi kwa jina lake, nalo likanyoosha shingo juu ya mabati, refu, jeupe na jekundu, likanitazama.

"Njoo uhesabu hapa!" nikapiga kelele.

"Mimi ni geti, dada. Nahesabu kinachopita chini yangu. Nimesimikwa."

"Lakini unawaona!"

"Nawaona kila siku. Sikuwekwa kuona."

"Na siku ambayo hakuna mgonjwa?"

"Kwani kuna siku Itundilo haina mtu wodini?" likauliza geti. "Kama si wa leo, wanamtazama wa jana. Jioni wanapandia hapo hapo, wakishamuaga. Mimi huwa naliona paa tu la basi."

Likarudisha shingo, maana lilikuwa kazini. Nami nikabaki nimeshika bomba ndani ya basi lenye harufu ya watu na lisilo na mtu. Nyagawa akanitazama kwenye kioo.

"Afisa, unabaki? Ukibaki nitaingia na mmoja."

Mmoja si haba. Mmoja ningeweza kumsimamia mkutanoni, nikamzungusha, nikasema abiria wameanza kuonekana. Nimewahi kutetea njia kwa hoja nyembamba kuliko hiyo. Lakini pale chini machela ilikuwa imesimama, na Bibi Oresta alikuwa ametoa mkono nje ya blanketi, ameuacha wazi, hamwiti mtu. Watu walikuwa wanangoja bila kunihimiza.

Nikashuka.

Basi likateremka kuelekea stendi. Dizeli alinipungia mkono kutoka kwenye keria. Kisha nikalisikia geti, kwa ile sauti ya kazini isiyo na ubaya wowote, likisema, "Itundilo. Tupu."

Ndani ya hospitali kuna ukumbi mrefu kuliko njia yenyewe, na tunaupita polepole, viatu vya tope, mkono wa bibi mkononi mwangu. Mwishoni amekaa nesi. Anaandika, hainui kichwa.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Sisi," likasema basi zima, na mimi nikajisikia nimesema pia.

"Haya, Itundilo wamefika," nesi akamwambia mwenzake. "Simameni mlangoni. Msinikanyagie sakafu, nimeshapiga deki."

Wakasimama mlangoni. Kila mmoja akaita jina la bibi, akampa pole, akasema ataonekana jioni. Kisha wakaondoka kwa miguu kwenda sokoni, mahakamani, dukani, wakaingia mjini kidogo kidogo mpaka usingeweza kujua ni nani alikuja na basi. Tukabaki wawili.

"Wewe ni wa nani?" Bibi Oresta akaniuliza.

"Wa Mgaya, bibi. Nafanya kazi ya mabasi."

"Ndiyo ninyi mnaotaka kulifunga?"

Ningeweza kumweleza habari za tairi. Ningeweza kumweleza kuhusu mama aliyekaa njiani na masanduku yake. Nilikuwa nayo maelezo mengi, na yote ni ya kweli. Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Akafikiri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Kufia nyumbani si vibaya," akasema. "Ila nilitaka nichague mwenyewe."

Akavuta ncha ya khanga yangu, ile iliyoning'inia begani, akaanza kuifunga fundo. Vidole vyake vilikuwa vya kuchimba viazi, havikutetemeka. Akakaza, akageuza, akakaza tena.

"Usilifungue kwa meno," akasema. "Litafunguka lenyewe ukishasema."

"Nikishasema nini?"

Lakini nesi alikuwa amefika na mopa, akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na sakafu ikaondoka chini yangu.

Nikaamka kwenye kochi. Kumekucha, ukungu umejaa dirishani, shingo imekakamaa, na taarifa imeanguka chini. Nilikaa kidogo nikijisikia mzee. Nilijiambia ndoto ni takataka za siku, na kwamba chai itaniweka sawa. Nikavuta khanga nijifunike vizuri.

Kwenye ncha kulikuwa na fundo.

Naishi peke yangu. Mlango nilikuwa nimeukomea, na komeo lilikuwa mahali pake. Nikalijaribu fundo kwa kucha, likakataa. Nikalipeleka mdomoni, nikakumbuka, nikalitoa. Lilikuwa dogo, gumu, limegeuzwa mara mbili, namna ambayo mimi sijui kufunga.

Nikampigia simu meneja wetu, Bwana Kilasi, ambaye kwao ni upande ule wa Itundilo.

"Meneja, shikamoo. Basi la Itundilo, asubuhi likifika geti la hospitali, watu wanafanya nini?"

"Marahaba. Wanashuka," akasema, sauti bado ya kitandani. "Wanasindikiza mgonjwa. Tulipomleta baba basi zima lilishuka, mpaka watu nisiowajua. Kwa nini?"

Nilimwacha ayafikirie maneno yake mwenyewe. Nilisikia kitanda chake kikilia alipoinuka kuketi.

"Lusungu," akasema. "Sisi tunahesabia stendi."

"Ndiyo."

"Mama yangu! Na mimi najua siku zote." "Lakini taarifa imeshagawiwa. Wajumbe wameshaisoma, na wameshachoka. Yule mwenyekiti wetu wa ushirika tangu jana anasema tusimletee hadithi, dizeli haili hadithi. Ukisimama kusema tulihesabia mahali sipo, watauliza nani aliyepanga kuhesabia hapo."

"Nilipanga mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza. Nani atawaambia?"

Nilikuwa nimechoka, na nilijua mkutano utakavyokuwa: miguno, saa zikitazamwa, mtu mmoja akicheka puani. Nilijua pia kwamba basi likihesabiwa limejaa, bado dizeli itakuwa pale pale juu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya fundo.

"Mimi," nikasema. "Nitawaambia mimi."

Fundo likalegea. Sikulivuta. Lilifunguka polepole chini ya kidole changu, mzunguko mmoja, kisha wa pili, na ncha ya khanga ikalala mapajani ikiwa na mikunjo na tope kidogo kavu.

"Lusungu?" Kilasi akaita. "Bado upo?"

Nikamwambia nipo, nilikuwa nafungua kitu.